Baiskeli Zikabidhiwe Kabla ya Hotuba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye baada ya kupata udhuru amenikaimisha nafasi yake, kwa hiyo najisalimu mwenyewe. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi ya Triathloni ya Masafa ya Kati, ambaye pia ni mimi. Waheshimiwa wajumbe wa kamati ndogo ya maji, kamati ndogo ya lami na kamati ndogo ya chai. Katibu wangu mchapakazi, uliyeketi chini yangu kwa cheo na kwa kiti. Wazee wetu, mama zetu, shemeji zetu mliokuja kusindikiza. Wanahabari, kama mtafika. Na nyinyi wanamichezo, mnaotajwa mwisho kwa sababu ndio mnaohusika: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Anayeyaanzisha ni katibu.)

Ndugu zangu, kabla sijaanza kusema nililokuja kusema, naomba kwa unyenyekevu mkubwa nijipongeze. Mlipowasili hapa mchana huu kila mmoja wenu alikabidhi baiskeli yake langoni, akapewa kijikaratasi cha namba, akaingia ukumbini mikono mitupu na moyo mkunjufu, na zoezi zima limekwenda kwa ufanisi wa asilimia tisini na nane nukta sita, hiyo iliyobaki ikiwa ni yule fundi baiskeli aliyegoma kuachia baiskeli ya dada yake mpaka mlinzi alipombembeleza kwa soda. Desturi ya mchezo huu, kama nilivyosoma katika andiko la mradi ukurasa wa kwanza, ambao ndio niliofikia, ni kwamba baiskeli hukabidhiwa siku moja kabla ya mashindano, zikapangwa kwenye vyuma vyake, zikalala chini ya ulinzi, ili mwanamichezo akitoka majini asubuhi aikute yake inamsubiri. Desturi hii nimeipenda sana. Katika kanuni zote za mchezo huu, ndiyo niliyoielewa upesi kuliko zote. (Kicheko hapa na pale. Yule fundi, aliyesimama karibu na dirisha, hacheki.)

Sasa wapo wanaodai kwamba sisi viongozi mchezo wenyewe hatuujui. Uongo mtupu! Triathloni ya masafa ya kati ni kuogelea karibu kilomita mbili, kisha kuendesha baiskeli kilomita tisini, kisha kukimbia kilomita ishirini na moja, na ni kweli kwamba hadi hivi karibuni ofisi yangu ilikuwa imejiandaa kupokea watu watatu tofauti wenye sare tatu tofauti, lakini baada ya semina elekezi iliyofanyika katika hoteli yenye mandhari ya kufikirisha, wataalamu wetu wamethibitisha pasi na shaka kwamba ni mtu yule yule, siku ile ile, bila kukaa chini. Nilishtuka, jamani, mimi ni binadamu. Nikauliza: chakula cha mchana anakula saa ngapi? Nikajibiwa anakula juu ya baiskeli. Nikaagiza papo hapo iundwe kamati ndogo. (Makofi.)

Naona mkono kule katikati. Maswali baadaye, mama. Nani huyo? Ahaa, mama muuguzi wa wodi ya wazazi! Ndugu wananchi, mtazameni mama huyu. Amechukua likizo yake yote ya mwaka kwa ajili ya kesho, amekuwa akiamka alfajiri kabla ya zamu akikimbia barabarani hadi majirani wakadhani anakimbizwa na mwizi, na kesho akimaliza salama atachaguliwa kuingia timu ya kwenda kutuwakilisha ng'ambo, nafasi ambayo kwa umri wake, tusifichane, haitamrudia. Haya, mama, sema, ila kwa kifupi, maana hotuba hii ni ndefu. (Muuguzi anasimama: "Mheshimiwa, mimi nina swali moja tu. Kesho tunaogelea wapi?" Minong'ono.)

Swali zuri sana, na swali zuri halijibiwi kwa pupa. Kwa upande wa komponenti ya maji, upembuzi yakinifu uliofanywa na mshauri mwelekezi, ambaye kwa bahati njema ni shemeji yangu na hivyo hatukumtafuta mbali, umebaini kwamba maji ni kiungo muhimu katika kuogelea. Kwa kuzingatia matokeo hayo, ofisi yangu imeshatambua eneo, imeshalipima eneo, imeshasimika bango lenye picha yangu katika eneo, na kwa sasa tuko katika feizi ya kuhamasisha jamii inayozunguka eneo ili iwe tayari kisaikolojia kupokea bwawa pindi litakapokuwepo. Mradi si lelemama, ndugu zangu. Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge! (Muuguzi, akiwa bado amesimama: "Nguo tumeshavua, mheshimiwa. Maji ndiyo hatuyaoni." Ukumbi unaangua kicheko. Katibu anajisahau, naye anacheka.) Katibu, andika kwamba ukumbi ulicheka kwa furaha. Keti, mama, keti, usinisimamie kama unanipima homa.

Nimeahidi kuwapa mwongozo wa namna ya kujiandaa, na mimi nikiahidi huwa nimeahidi. Wataalamu wanasema, siku ya mashindano mwanamichezo asijaribu kitu kipya: asivae viatu vipya, asile chakula asichokizoea, asibadilishe tandiko la baiskeli. Ushauri huu ofisi yangu imeuzingatia tangu nilipoteuliwa, hatujajaribu kitu. Wataalamu wanasema, wiki ya mwisho mwanamichezo apunguze mazoezi ili misuli ipumzike. Sisi hatukungoja wiki ya mwisho, tulianza kupunguza siku tuliyoanza. Wataalamu wanasema, alale mapema. Hapo, ndugu zangu, bila kujisifu, idara yangu inaongoza katika ukanda mzima. Wanasema pia anywe maji kidogo kidogo njiani kabla hajaona kiu, na kwa hilo tumeandaa vituo vya maji kila baada ya mwendo fulani, vyenye meza, vyenye vitambaa vya meza, vyenye maua ya plastiki, na suala la maji ya kunywa litaunganishwa na lile la maji ya kuogelea ili tuwe na sera moja. (Mtu nyuma: "Tutakunywa tulipoogelea?" Kicheko kirefu.)

Chekeni tu. Kucheka ni afya, na afya ni sehemu ya mradi. Mimi nilipokuwa kijana niliwahi kuendesha baiskeli, tena ya mizigo, tena nikiwa nimebeba, kwa hiyo msinione nimenenepa hivi mkadhani nilizaliwa na dereva. Nilipoingia ofisini, triathloni katika eneo hili ilikuwa asilimia sifuri. Leo, kwa juhudi zangu, na kwa idhini yangu, imekua maradufu. Barabara ya kilomita tisini imeshafanyiwa uhakiki kwa gari langu la kazi, ambapo iligundulika kwamba ina mashimo, na kila shimo limepuliziwa rangi nyeupe ili mwanamichezo ajue anapoanguka ameangukia mahali panapotambuliwa na mamlaka. Nani mwingine angefikiria hivyo? (Kimya.) Nashukuru.

Naona mkono dirishani. Wewe si yule fundi wa soda? Huna kijikaratasi cha namba, wewe ni msindikizaji, na wasindikizaji wana kikao chao. Haya, sema basi. (Fundi: "Mheshimiwa, mimi ni kaka yake huyu muuguzi. Baiskeli ile nimeiunga mimi kwa mikono yangu, chuma kwa chuma, usukani nimeutoa kwenye baiskeli yangu. Sasa naiona pale uwanjani imebandikwa karatasi: 'Imenunuliwa na Mradi.' Imenunuliwa na nani?" Watu wanageuka kutazama nje.)

Tulieni, tulieni. Dirisha ni la kuingiza hewa, si la kutazamia. Ndugu fundi, hicho ulichokiona kwa lugha ya kitaalamu kinaitwa visibiliti, na bila visibiliti maendeleo yanaweza kupita katikati ya watu wasiyaone. Karatasi ile ina gundi hafifu kabisa, inatoka kwa maji ya uvuguvugu. (Muuguzi: "Maji hayohayo ya bwawani?") Mama! Nimekuvumilia. Wewe ni mtumishi wa umma kama mimi, ungepaswa kujua kwamba neno "kununua" katika uandishi wa miradi lina upana wake. Ameiunga kaka yako, kaka yako ni mwananchi, mradi ni wa wananchi; hebu niambie umeibiwa nini hapo? (Muuguzi: "Sijasema nimeibiwa, mheshimiwa. Umesema wewe." Vigelegele vya akina mama.)

Naam. Kwa kuwa muda umetutupa mkono, na wajumbe wa kamati ndogo ya chai wameshaanza kuwajibika huko nyuma ya pazia, naomba tuhitimishe kwa kaulimbiu. Nikisema "Mwanamichezo", itikieni "Kwanza"! Nikisema "Kiongozi", itikieni "Kabla yake"! Mwanamichezo! (Sauti chache: "Kwanza.") Kiongozi! (Katibu peke yake: "Kabla yake!") Maandalizi oyee! ("Oyee," kwa uchovu.) Maji oyee! (Hakuna anayeitikia.)

Nibaki sasa na shukrani, maana asiyeshukuru kwa kidogo hata kikubwa hatashukuru. Kwa namna ya kipekee kabisa nawashukuru wakaguzi wetu kutoka makao makuu, wale mabwana wa miwani mliopishana nao langoni, ambao wakati mimi nawahutubia nyinyi humu ndani, wao walikuwa uwanjani wakizikagua baiskeli, wakazikuta zote zipo, zinang'aa, zimepangwa, wakaziinua moja moja wakastaajabu wepesi wake, na dakika chache zilizopita katibu amenionyesha dole gumba kwamba wameridhika, wametia saini, na Mradi wa Kumpatia Kila Mwanamichezo Baiskeli umefungwa rasmi kwa mafanikio. Baiskeli za mradi wenyewe, kama mnavyofahamu, au kama mnavyofahamu sasa, zilipata changamoto za kimchakato zikiwa bado kwenye karatasi, na tusingekuwa na cha kuwaonyesha wageni. Tukajiuliza, ni jambo gani linaweza kumfanya mtu mzima mwenye akili timamu aing'arishe baiskeli yake, aitie mafuta, ailete mwenyewe langoni na kutuachia bila ugomvi? Ndipo tulipoisoma ile desturi ya mchezo wenu. Hapakuwa na njia nyingine, ndugu zangu. Mmeitikia wito. Nawashukuru kutoka sakafu ya moyo wangu.

(Muuguzi anasimama polepole. Sauti yake ni ndogo, lakini inafika mbele: "Na kesho?")

Kesho vipi, mama?

("Mashindano ya kesho. Nimeacha watoto kwa mama mkwe. Nimeomba likizo kwa magoti. Mwaka mzima naamka na jogoo. Kuna mashindano au hakuna?")

Mama muuguzi, mimi naongea kwa vielelezo. Lifungueni andiko la mradi, lisomeni mpaka mwisho kama mna nguvu. Mtakuta neno maandalizi, maandalizi, maandalizi, na neno mashindano hamtaliona. Hii ni Kamati ya Maandalizi. Nimewaandaa au sikuwaandaa? Mmekonda, mmekakamaa, mna pumzi, mna nidhamu ya kulala. Mtu akiwa tayari kiasi hicho anataka nini tena? Timu ya ng'ambo itapatikana kwa utaratibu mwingine, tayari kuna majina yamependekezwa, na mshauri mwelekezi ana mabinti wenye afya njema. Kuhusu baiskeli, msiwe na hofu hata chembe, zitarudi. Ila kesho asubuhi wakaguzi walewale watakuwa mji wa jirani, ambako mwenyekiti mwenzangu naye ana mradi kama wetu, na kwa moyo wa ujirani mwema nimeridhia... (Mngurumo wa injini nje. Fundi ananing'inia dirishani: "Lori! Wamepakia kwenye lori! Dada, wanaondoka na baiskeli zetu!")

Jamani, kaeni. Sijasema simameni. Mlango huo ni wa wageni mashuhuri! Mama muuguzi, kikao hakijafungwa, rudi! (Viti vinaanguka. Muuguzi ameshavuka mlango, kaka yake nyuma yake, ukumbi wote nyuma yao, wengine na viatu mkononi. Vumbi linaingia madirishani.)

Mnaona? Mnaona wenyewe? Tazama yule mama anavyokwenda, lori liko mbele, yeye nyuma, na pengo linapungua! Nani alisema hapatakuwa na mashindano? Katibu, acha kutazama nje, andika: komponenti ya kukimbia imetekelezwa kwa asilimia mia moja, na kabla ya muda uliopangwa. Ahsanteni kwa kunisikiliza, na mbio njema.