Kikohozi cha Kidato cha Nne

Jumatatu, 4 Agosti

Nimechoka. Wiki ndiyo kwanza imeanza, mimi nimeshachoka. Mkuu wa shule, Mwalimu Severini, ametangaza kikaoni kwamba wiki ijayo anakuja mdhibiti ubora. Atakaa kwenye kipindi changu cha Kiingereza, Kidato cha Nne. Mada: vitenzi na vihusishi vyake. Akaongeza, macho yake yakiwa dirishani, kwamba kipindi kikiharibika, Kidato cha Nne kinakwenda kwa Mwalimu Upendo na mimi nitasimamia shamba la shule.

Shamba! Mimi Gervas! Kidato cha Nne nimekishika tangu shule hii ina choo cha nyasi. Ndicho kitu pekee hapa Kasokola ambacho nikikitaja watu wananipisha. Kanisani naitwa Mwalimu wa Fomu Foo. Nikipewa jembe nitaitwa nani?

Mimi na vihusishi hatupatani. Kosa ni lao. Vitenzi ninavyo, matamshi ninayo, tena ya kutisha. Lakini kile kineno kinachofuata kitenzi, on au of au in, ni ramli tupu. Kitenzi chetu kinabeba mzigo wake tumboni: leta, letea, yamekwisha. Mwingereza kila kitenzi anakipa mpambe wake, na ukikosea mpambe harusi imeharibika.

Mwalimu Upendo anavijua vyote. Katoka chuo kikuu juzi tu. Kila asubuhi ananiamkia shikamoo kwa adabu sana. Adabu ya namna hiyo lazima ina jambo.

Jumanne, 5 Agosti

Ushindi! Minza, kiranja wa darasa, binti wa wale wafugaji wa njia ya Kabungu, ameuliza congratulate inafuatwa na nini. Kalamu zote juu. Macho yote kwangu. Nikafungua mdomo, vumbi la Agosti likanipalia. Kikohozi cha kweli, naapa. Nilipomaliza kukohoa, Minza alikuwa ameshaandika kitu na kukaa chini.

Nikajaribu tena. Nikasema he depends, nikakohoa, his father. Hakuna aliyeshtuka. Wakaandika tu.

Miaka yote hii nahangaika, kumbe dawa ilikuwa kooni mwangu! Nimekohoa kipindi chote. Nimetoka nimelowa jasho, lakini sijakosea hata kihusishi kimoja.

Alhamisi, 7 Agosti

Kifua kinaniuma kweli sasa. Mke wangu Generosa amesikia bombani kwamba naumwa. Amenichemshia tangawizi na asali ya Inyonga, kisha akatia pilipili. Nikamwambia siumwi. Akasema marehemu baba yake naye alisema hivyo hivyo. Nimekunywa.

Baya zaidi ni Mkuu. Amenisikia hadi ofisini kwake. Ameniagiza Jumatatu niende hospitali mjini Mpanda nikapime kifua kikuu. Nikasema ni vumbi tu. Akasema hakuwa anaomba. Alisema hayo amesimama mlangoni, leso puani.

Chumba cha walimu wamefungua madirisha yote. Wamehama na viti vyao. Aliyebaki karibu yangu ni Mwalimu Upendo peke yake. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama ningependa tukae jioni tupitie vihusishi pamoja, maana hata yeye chuoni vilimtesa. Nikamshukuru, nikamwambia tatizo langu ni kifua. Hanidanganyi huyu. Anataka kuhesabu risasi zangu kabla ya vita.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Redio inawasifu wakulima tangu alfajiri. Nimeizima. Generosa ameiwasha. Nimeizima tena. Amesema mtu anayeogopa jembe asingeoa kwao.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani benchi zima nimekaa peke yangu. Padri ametuombea wagonjwa, na watu wakageuka kuniangalia. Nimechoka kuombewa.

Jioni nimegundua njama. Nilikuwa napita nyuma ya nyumba ya Mwalimu Upendo, kwa bahati tu, nimeinama kwenye ua wa mabua kufunga kiatu. Kidato cha Nne wote wamejaa barazani kwake! Wanakula viazi vya kuchemsha! Mara Minza akakohoa. Darasa likapiga kelele neno fulani kwa pamoja, wakacheka. Minza akakohoa tena. Kelele tena. Mwalimu Upendo akawa anatikisa kichwa au kukubali, kisha wanarudia.

Wananiigiza. Wamefanya kikohozi changu kuwa mchezo wa kuigiza, na huyo Mwalimu Upendo ndiye anayewalisha viazi. Nimerudi nyumbani taratibu. Imeniuma. Watoto wale nimewafundisha tangu hawajui kusema good morning.

Jumatatu, 11 Agosti

Hospitali tangu asubuhi. Nimetema kwenye kikopo mbele ya watu. Majibu: safi kabisa. Tabibu, dada mmoja anaitwa Athanasie, amesema mapafu yangu yanaweza kukimbiza ng'ombe. Koo tu ndilo limechubuka. Akaniuliza nafanya kazi gani ya kupiga kelele hivyo. Ameniandikia karatasi: nisiongee wiki nzima.

Wiki nzima! Na mdhibiti anakuja Jumatano! Nikaona Mungu hamtupi mja wake. Nikarudi mbio shuleni, nikampa Mkuu karatasi bila kusema neno, uso wa huzuni. Akaisoma. Akasema pole sana, basi Jumatano atafundisha Mwalimu Upendo.

Nikasema nimepona. Nilisema kwa nguvu mpaka karani akatoka kuangalia.

Jumatano, 13 Agosti

Niandike kama ilivyokuwa.

Mdhibiti anaitwa Bwana Bartolomeo. Miwani minene, hacheki. Akakaa nyuma, karatasi juu ya goti. Mkuu pembeni yake. Mimi mbele na koo langu. Nikaanza na sentensi ya kwanza. They accused him, nikakohoa.

OF! Darasa zima! Kwa sauti moja!

Chaki ikanidondoka. Nikajua leo ndiyo leo, wameamua kuniumbua mbele ya serikali. Nikaenda ya pili. She insists, kikohozi. ON! Nikawakazia macho. Nikaamua nisikohoe tena. Nikasema they succeeded, nikanyamaza kimya, nimebana midomo. IN! Sasa hata nikinyamaza wananijibu! Minza amekaa mbele anawaongoza kwa kidole kama mwalimu wa kwaya. Nikawapa vitenzi vigumu, vile vya mwisho wa kitabu, ili niwanyamazishe. Hawakunyamaza. Kila nilipofika ukingoni walinivusha.

Bwana Bartolomeo alikuwa anaandika tu. Kengele ikalia. Akasimama. Nikafikiria jembe, magugu, mgongo wangu. Akasema ametembea shule nyingi na hajaona darasa lililo hai namna hii. Mwalimu anaacha pengo, mwanafunzi analijaza! Akanishika mkono. Akasema atawaleta walimu wengine waje kujifunza kwangu. Mkuu alikuwa ameachama.

Kidato cha Nne ni changu! Nimekwenda nyuma ya stoo nikalia kidogo. Nilikuwa na furaha, sioni haya kuiandika.

Nilipotoka, Mwalimu Upendo alikuwa amesimama kwenye korido anafuta macho. Wivu ni kitu kibaya.

Alhamisi, 14 Agosti

Minza amekuja ofisini kunisalimia. Nikambana kuhusu viazi. Akaeleza yote bila hofu. Kumbe ni wao walioanza: walisikia habari za shamba, wakagundua nakoholea wapi, wakamfuata madamu Upendo wenyewe, wakajifunza vile vihusishi kila jioni, ili mwalimu wao asichukuliwe. Madamu aliwakatalia kwanza, akawaambia aliyefundisha shule hii kabla ya wao kuzaliwa hachekwi. Kisha akawafundisha. Minza akaniamkia tena, akaenda zake.

Nimekaa nikalitafakari kwa muda mrefu. Picha yote iko wazi sasa. Yaani mtu anaingilia darasa langu bila ruhusa, jioni, na chakula juu! Kama wasingepiga zile kelele, mbinu yangu ingekwenda kwa utulivu, na Bwana Bartolomeo angeisikia vizuri zaidi. Mtu mwenye nguvu za kufundisha hadi jioni ana nguvu za ziada. Nguvu za ziada mahali pake ni shamba.

Nimeamua kumwandikia Mkuu barua ya kumpendekeza Mwalimu Upendo asimamie shamba la shule. Nimeiandika kwa Kiingereza ili iwe na uzito. Imetoka nzuri, ya heshima. Kila baada ya kitenzi nimeacha kijinafasi, ile mbinu yangu mpya. Halafu nimemwita Minza, nimempa barua ampelekee madamu Upendo, amwambie mwalimu Gervas anaomba amjazie vile vinafasi kabla ya chakula cha mchana.

Jina la anayependekezwa sijaliandika bado. Mimi si mjinga.