Mzabibu wa Marehemu Leonard

Jumapili, 5 Januari

Aibu ya kwanza ya mwaka, na mwaka wenyewe una siku tano. Baada ya misa ya Kiswahili, chai ikiendelea ukumbini, watu walimzunguka Fanuel kumsifia. Fanuel ni Mkenya, fundi wa bustani, ana gari lenye picha ya jani ubavuni. Mimi nawatunza wazee majumbani mwao, Tottenham, hapa London. Hakuna anayenizunguka.

Mama Marcelina akasema anakwenda Dodoma kwa wiki mbili na ushee, kumwekea marehemu mumewe msalaba kaburini. Anatafuta mtu wa kumwangalizia uani. Fanuel akafungua mdomo. Wangu ukawahi. Nikasema nina uzoefu wa miaka mingi na bustani za nchi za baridi. Miaka mingi! Naishi ghorofa ya tatu. Sina hata chungu cha maua.

Jumatano, 8 Januari

Nimepita kwake, Walthamstow, kuchukua funguo. Maagizo mafupi. Nizoe majani njiani, mtu asije akateleza. Niwawekee ndege chakula. Basi. Hiyo "basi" aliirudia mara mbili.

Baada ya kuondoka kwake nikakagua. Huzuni tupu. Nyasi zimesinyaa, vichaka vimebaki mifupa. Ukutani kuna kitu kama kamba nene, gome linabanduka, matawi makavu yamefungwa kwenye nyaya. Kimekufa kabisa. Mjane wa watu, halafu kila asubuhi anatazama kitu kama kile! Ningeweza kumpigia simu kumuuliza ni mti gani. Lakini mtaalamu haulizi.

Jumamosi, 11 Januari

Nimepata mwalimu. Mzee mmoja wa nyanda za Kanada, anatoa mafunzo kwa video. Kwake baridi inafika nyuzi thelathini chini ya sifuri, na bado uani kwake kunapendeza. Kama anaweza kule, London ni mchezo. Anasema kilichokufa kiondolewe mapema, kabla ya majira ya kuchipua. Video ndefu mno. Sehemu ya katikati nimeiruka.

Mpango: Mama Marcelina anarudi, anakuta ukuta safi, anatoa ushuhuda mbele ya watu wote. Fanuel yupo, anasikia.

Jumatatu, 13 Januari

Kazi imekwisha! Msumeno, jembe, saa tatu nzima. Ardhi ngumu kama saruji, shina bishi kama shangazi yangu. Nililitukana kwa Kiswahili, matusi ambayo siwezi kuyaandika hata humu. Jirani, bibi wa Kihindi anayeitwa Usha, alichungulia juu ya uzio. Nikampungia mkono. Akanipungia. Nikaendelea kutukana kwa amani, maana angeelewa nini?

Matawi na shina nimevipanga nyuma ya banda. Ukuta mweupe. Nimejipiga picha.

Jumatano, 15 Januari

Balaa. Kumbe nyasi zenye sakitu, ule umande ulioganda mweupe, hazikanyagwi. Nyayo zangu zote za Jumatatu zimegeuka hudhurungi, mguu mmoja mmoja, kutoka mlangoni hadi ukutani na kurudi. Zinasomeka kama barua. Nikafikiri haraka. Leo asubuhi, sakitu ikiwapo, nimekanyaga uwanja wote ili rangi ilingane.

Bibi Usha alitazama mwanzo hadi mwisho. Hakunipungia.

Jumapili, 19 Januari

Sijui niandike vipi.

Kwenye chai Fanuel aliniuliza mzabibu wa marehemu Leonard unaendeleaje na baridi hii. Nikauliza mzabibu gani. Akacheka, akidhani natania. Akaeleza kwamba Leonard, mtu wa Dodoma, alitaka zabibu ukutani kwake hata kama ni London. Aliupanda wiki waliyohamia. Miaka minane haukuzaa. Ulizaa Septemba ileile aliyofariki, mashada manne, na Mama Marcelina akampelekea moja hospitali.

Akauliza tena unaendeleaje. Nikamwambia vizuri sana.

Kanisani! Nikiwa na andazi mkononi! Andazi nililirudisha kwenye sahani, limeng'atwa.

Nimeitazama ile video upya, na sehemu niliyoiruka. Mzee wa Kanada anasema kabla hujang'oa kitu chochote wakati wa baridi, kwaruza gome kwa ukucha. Ukiona kijani ndani, mti umelala tu, haujafa.

Jumatatu, 20 Januari

Nilikwenda nyuma ya banda nikakwaruza. Kijani. Nikakwaruza tawi lingine. Kijani. Nimekwaruza yote.

Nikafanya nililoweza. Shina nimelichimbia mahali pake. Matawi nimeyaunganisha kwa gundi ya karatasi na kuyafunga kwenye nyaya kama yalivyokuwa. Ukiwa mbali, ni mzabibu. Ukiwa karibu, ni majeruhi.

Jumamosi, 25 Januari

Amerudi. Fanuel alimpokea uwanja wa ndege na gari lake. Nilikuwa nimewasha jiko na kupika wali, nikitumaini watakaa ndani. Mama Marcelina hakuvua hata koti. Alikwenda moja kwa moja uani, akisema amemletea Leonard salamu za nyumbani. Akaweka mkono kwenye shina.

Shina likaanguka.

Nikasema mbweha. Nikasema mbweha wa mtaa huu wamezidi, wanachimba kila kitu, hata kwenye habari wamesema.

"Mbweha huyo alikuja na msumeno," ikasema sauti juu ya uzio, kwa Kiswahili safi kuliko changu. "Tena matusi yake, mwanangu! Mimi nimezaliwa Tanga, nimekulia Tanga, na hayo ya Jumatatu ile sijapata kuyasikia."

Bibi Usha.

Nilitamani anikaripie, Mama Marcelina. Alikaa kwenye kizingiti na koti lake.

"Thadei," akasema, "nilikuambia ndege tu."

Nikaomba msamaha. Maneno yalitoka madogo mno. Ndipo nikakumbuka kwamba hata ndege wenyewe sijawawekea chakula tangu wiki iliyopita.

Fanuel alikuwa amepiga magoti, ananusa matawi, anakwaruza. "Mama, usilie. Hii kitu haijakufa. Nitakata vipande, nipande kwa vyungu. Vingine vitashika." Akaniangalia. Nilidhani atanicheka. Akaniomba nimshikie mfuko. Hilo liliniuma kuliko kicheko.

Jumapili, 2 Februari

Vipande kumi na viwili viko kwenye vyungu, dirishani kwa Mama Marcelina. Nilikwenda kuvitazama baada ya misa. Alinikaribisha vizuri, akanipa chai, na kimyakimya akavisogeza vyungu upande wa pili wa meza. Fanuel anasema tusubiri hadi Mei. Nyasi nazo amezipanda upya, bila kunitaja kwa mtu yeyote.

Njia nzima nimetembea kichwa chini. Nimeapa: kuanzia sasa, nisilolijua nitasema silijui.

Jioni kulikuwa na kikao cha jumuiya. Faustine wa Ilford akasema bwawa lake la samaki limeganda juu, anasafiri kesho kikazi, na hajui awafanyeje. Akauliza kama kuna mwenye uzoefu. Watu kimya. Kimya kirefu, kibaya, mtu mzima anateseka mbele yetu.

Nikasikia sauti inasema samaki wa nchi za baridi ndiyo fani yangu hasa. Ilikuwa sauti yangu.

Kesho asubuhi niko Ilford. Nimeshaazima nyundo.