Kinga ya Bure

Chanjo alikwenda duka la kopi kutoa nakala ya kitambulisho, akatoka na mpango. Ndivyo alivyoumbwa. Watu wengine wakikaa kwenye foleni huhesabu dakika; yeye huhesabu wajinga.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja kilichoegemea ukuta wa soko. Ndani mlikuwa na mashine ya kopi inayounguruma kama ina kinyongo, kompyuta mbili, na feni iliyofungwa kamba ili isitoroke. Kompyuta moja ilikuwa imeganda. Mwenye Duka aliipiga kofi la ubavuni, kisha la juu, kisha akaiomba radhi.

"Flashi ya nani tena hii?" aliuliza. "Kila mtu analeta flashi yake na magonjwa yake. Jana faili zote zimegeuka alama za mshale."

Chanjo akasimamisha masikio. Lakini kilichomfanya asahau kitambulisho chake kwenye mashine ni sauti ya pili, ya chini, kutoka meza ya kona. Pale aliketi mpiga chapa, mama wa makamo aliyevaa miwani yenye uzi. Alikuwa shangazi halisi wa Mwenye Duka, na kwa kuwa Mwenye Duka alimwita Shangazi, soko zima nalo likamwita hivyo. Juu yake alikuwa ameinama Mama Ndoo, muuza vyombo vya plastiki.

"Hotuba yangu ni siri mpaka Jumamosi," Mama Ndoo alinong'ona. "Nakuaminia wewe tu."

"Kwangu siri haitoki," Shangazi alijibu. "Inayotoka ni karatasi."

Mama Ndoo alikuwa akigombea uenyekiti wa soko. Mpinzani wake alikuwa Bosi wa Magodoro, mtu mwenye duka la milango mitatu na asiye na wazo hata moja. Chanjo alivuka njia, akamkuta Bosi amelala juu ya bidhaa zake, akamweleza mpango kwa dakika nne.

"Kwa hiyo kila anachoandika yule mwanamke, mimi nitakisoma kabla yake?" Bosi aliuliza.

"Kabla hajakauka wino, bosi."

"Ukinifanyia hivyo nikashinda, kile kibanda kitupu cha soko, pale kona, ni chako. Uenyekiti wangu, funguo zako."

Hapo Chanjo alimeza mate. Kwa miaka sita ofisi yake ilikuwa begi jeusi linaloning'inia begani. Alijiita mtaalamu wa kinga za kompyuta. Watu wa mjini wakafupisha, wakamwita Chanjo, na kwa kuwa jina hilo halikuwa kwenye daftari la kituo chochote cha polisi, alilipokea kwa mikono miwili. Lakini mtu hawezi kuzeeka na begi. Alitaka mlango wa bati unaofunguka kwa kishindo asubuhi, kiti kinachozunguka, na bango lenye jina lake. Kibanda cha kona alikuwa akikiota hata akiwa macho.

Kesho yake asubuhi akarudi dukani, shati limenyooshwa na uso umejaa huruma ya kidaktari.

"Kaka, jana sikulala," alimwambia Mwenye Duka. "Nilikuwa nawaza mashine yako."

Alichomeka flashi. Dirisha jekundu likafunguka, likaanza kuhesabu virusi: kumi, hamsini, mia na tisini. Likasimama kwenye mia mbili kumi na saba. Msomaji asishtuke. Dirisha lile lilihesabu mia mbili kumi na saba kwenye kila kompyuta ya mji ule, hata iliyotoka kwenye boksi juzi.

"Mia mbili!" Mwenye Duka alishika kichwa.

"Na kumi na saba. Hao kumi na saba ndio wenye watoto." Chanjo alishusha sauti. "Kinga zipo. Ipo ya kulipia kila mwaka. Na ipo hii yangu, ambayo kwa ajili ya heshima yako, ni bure."

Neno "bure" lilipita usoni mwa Mwenye Duka kama pasi ya moto juu ya kitambaa. Mikunjo yote ikalala.

"Ngoja kwanza," alisema Shangazi bila kugeuka. "Hiyo kinga yako inamtambuaje kirusi?"

"Inakagua kila faili, Shangazi."

"Kila faili. Maana yake barua za watu inaziona."

"Inaziona, lakini haizisomi. Shangazi, ndani kuna faragha kamili. Haioni mtu, haisikii mtu, haitumi chochote popote."

"Daktari asiyetazama anatibuje?"

Chanjo alicheka kicheko cha kununua muda. Swali lilikuwa zuri mno kwa saa tatu asubuhi. Ukweli ni kwamba hata kinga za watu waungwana lazima zitazame ndani ya mashine, na nyingine hutuma faili za kutilia shaka kwa waliozitengeneza wakazichunguze huko mbali. Mtu mwenye busara huchagua aonwe kiasi gani ili alindwe kiasi gani. Lakini Chanjo hakuja kufundisha. Alikuja kuchukua kibanda.

"Mimi nataka mlinzi anayekagua mifuko ya wanaoingia," Shangazi aliendelea. "Sitaki anayeketi kitandani kwangu akisoma barua. Tununue ya kulipia, tusome masharti yake. Halafu mashine ya hati tuitoe mtandaoni kabisa, ibaki ile nyingine ya kupokea flashi za watu."

"Shangazi, mtu anatupa bure wewe unataka kununua?" Mwenye Duka alimgeukia Chanjo. "Msamehe. Huyu alianza kazi enzi za taipureta. Weka, ndugu yangu. Weka kwenye mashine zote mbili."

Kwenye kioo pakatokea masharti, maandishi madogo kama mchanga, na chini yake kitufe kikubwa cha kijani: NAKUBALI. Mwenye Duka alikibonyeza haraka kama mtu anayeua mbu. Kisha akamchukua Chanjo nje wakanywe chai, maana programu ilihitaji nusu saa kujisakinisha, na ukarimu wake ulihitaji mtu wa kuuona.

Shangazi alibaki peke yake. Alipandisha miwani, akarudisha masharti kwenye kioo, akaanza kusoma. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa akilipwa kutazama kila herufi, na ugonjwa huo haukuwa na kinga. Chanjo alipochungulia kupitia mlango alimwona midomo ikichezacheza. Akamwonea huruma. Hayo masharti aliyakusanya mwenyewe kutoka huku na kule. Hakuwahi kuyasoma yote.

Kuanzia mchana ule maandishi ya mtaa yalimiminika kwenye kompyuta ya Chanjo, chumbani kwake juu ya karakana ya wachomeleaji. Maombi ya kazi, barua ya kuvunja uchumba, na barua ya pili ya kuomba ile ya kwanza isahauliwe. Kulikuwa na mume aliyelalamika kurasa tatu kuhusu mama mkwe wake, akamalizia kwa kumsalimu. Chanjo alisoma, akacheka, akasoma tena. Kwa dakika moja alijisikia vibaya. Dakika ikapita.

Jumatano ikaja hati ya Mama Ndoo, mistari miwili tu: kila muuza soko atapewa mwavuli mkubwa wa bure. Chanjo akaikimbiza ng'ambo ya pili kwa Bosi. Kufikia saa kumi jioni kipaza sauti cha Bosi wa Magodoro kilikuwa kikipita kati ya vibanda kikitangaza miavuli.

"Wewe ni hatari," Bosi alimwambia. "Nenda kapime kibanda ujue utaweka meza ngapi."

Chanjo alikwenda kweli na futi ya fundi cherehani. Meza mbili, na kiti kinachozunguka, kama kitazunguka nusu. Kurudi kutoka kupima kibanda akapita mbele ya duka la kopi, futi ingali shingoni. Shangazi alisimama mlangoni akisikiliza kipaza sauti.

"Miavuli," alisema, kama anayeonja chumvi, akiitazama ile futi. "Hujambo, mwanangu? Mashine zimepona?"

"Zimepona kabisa, Shangazi."

"Naona. Sijui nikushukuruje. Nitafikiria."

Ijumaa adhuhuri ikaingia hotuba yenyewe. Kurasa tano. Chanjo akasoma ukurasa wa kwanza, nywele zikamsimama. "Ndugu zangu wa soko, wapo wanaotuona tukiwa tumelala chini ya mizigo yetu wakadhani tumechoka. Hatujachoka. Tunapumua." Alipofika hapo alisimama akajipigia makofi mwenyewe. Kama ukurasa wa kwanza ulikuwa hivyo, wa tano ungekuwaje? Hakuona haja ya kuuliza. Akakimbilia duka la kopi la mtaa wa nyuma, akachapisha kwa herufi kubwa kwa ajili ya macho ya Bosi, akampelekea.

"Umeisoma?" Bosi aliuliza.

"Bosi, nimelia."

"Basi inatosha. Mimi nitaisomea hukohuko."

Jumamosi asubuhi soko lilifunga biashara kwa saa moja. Chanjo alijiegemeza kwenye nguzo, begi begani kwa mara ya mwisho, alivyodhani. Bosi alijipenyeza akazungumza wa kwanza. Alisoma kama mtoto wa darasa la pili, kidole kikitangulia na sauti ikifuata, na maana ikija nyuma yao wote kwa mwendo wa miguu. Ukurasa wa kwanza watu walinyamaza. Wa pili walianza kutikisa vichwa. Wa tatu wakapiga vigelegele. Bosi alitokwa jasho la furaha, akafungua wa nne.

"Nimechoka na viongozi wanaotuma watu," alisoma. "Vyoo vya soko hili vinanuka tangu nikiwa kijana. Kuanzia Jumatatu, mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii, nitaviosha kila asubuhi kabla sijafungua duka langu la magodoro."

Soko likalipuka. Wanawake walirusha kanga, wapagazi wakapiga mikokoteni yao. Maana ilipomfikia Bosi mwenyewe alifungua mdomo kusema jambo, lakini kelele zilikuwa kubwa, na mtu aliyeshangiliwa hivyo hajui pa kuegesha. Kidole kikaendelea.

"Na ndoo ya pili ataishika kijana wetu mtaalamu, Chanjo, yule mwenye begi jeusi. Yeye atapewa kibanda, kile kilicho mlangoni pa vyoo, na hataondoka humo mpaka watu wote waseme pananukia."

Vichwa mia tatu viligeukia nguzo. Chanjo alitazama kushoto, akakuta wapagazi. Akatazama kulia, akakuta wapagazi wengine, wamefurahi zaidi. Wakambeba juujuu mpaka jukwaani.

Mama Ndoo alipoitwa kuzungumza alisema maneno machache: yeye alichotaka ni vyoo visafishwe, na mwenzake ameahidi, basi anamwachia uenyekiti. Ila kwa kazi hiyo, aliongeza, ndoo zipo dukani kwake, na soko lote limeshasikia ni nani mnunuzi.

Bosi alichaguliwa kwa mikono yote. Hakuna mtu aliyewahi kushinda kwa huzuni kubwa namna ile.

"Shangazi, umeniua," Chanjo alisema walipokutana mbele ya duka la kopi. "Miavuli pia ilikuwa yako?"

"Mama Ndoo hajawahi kuota mwavuli. Nilitaka tu kujua barua zangu zinakwenda kwa nani." Alivua miwani akaifuta. "Sharti lako la arobaini na moja linasema utapokea nakala ya kila hati. Uliandika mwenyewe, mwanangu. Ungelisoma, ungejua kwamba na mimi nimelisoma."

Ndani, Mwenye Duka alikuwa amechomoa waya wa mtandao kwenye mashine ya hati. Kinga ya kulipia ilikuwa kwenye mashine ya flashi, na masharti yake yalikuwa mezani, kurasa sitini na mbili, yamepigwa mistari kwa kalamu nyekundu. Shangazi alikuwa amefika wa thelathini. Mpaka hapo alikuwa amezima vipengele vinne vya kutuma mambo ya watu nje.

Jumatatu saa mbili asubuhi mlango wa bati wa kibanda ulifunguka kwa kishindo, kama katika ndoto. Begi jeusi lilining'inia msumarini, limejaa sabuni na brashi. Ndani ya vyoo, Mwenyekiti wa soko alisikika akisugua na kulaani. Mteja wa kwanza alikuwa na miwani yenye uzi.

"Mlango unafungwa kwa ndani?" aliuliza Shangazi.

"Unafungwa, Shangazi. Humo ndani faragha kamili. Mimi sioni mtu, sisikii mtu, situmi chochote popote."

Shangazi alipandisha miwani. Akaingia. Alijaribu komeo mara tatu, akakagua kidirisha cha juu, akainama akatazama hata nyuma ya pipa. Halafu akatoa kichwa nje.

"Sogea hatua kumi," alisema. "Ukiimba, itakuwa vizuri zaidi."

Chanjo akasogea, akaimba.