Njia ya Kosele Bila Kuuliza Mtu

Jumanne, 11 Machi
Madam Benta, fundi wa nguo hapa Suna, anatafuta mtu mmoja wa boda wa kumpelekea wateja nguo, kazi ya kudumu. Tumebaki wawili wa kujaribiwa, mimi na Mokua. Mokua kapewa mapazia ya Asumbi. Mimi majoho ishirini na manne ya kwaya ya Wasabato, yafike Kosele Ijumaa kabla jua halijazama. Likizama ni Sabato, hakuna atakayepokea mzigo. Shida ni hiyo Kosele. Mke wangu Caren ni wa huko. Nilimchukua miaka miwili iliyopita na mpaka leo sijaenda kujitambulisha kwa wazazi wake. Sura yangu hawaijui. Ningependa ibaki hivyo.

Jumatano, 12 Machi
Nimepata dawa. Madam Benta amenitumia ramani ya nyumbani kwa mteja, mwenyekiti wa kwaya, anaitwa Mama Zilpah. Nikifunga simu kwenye usukani sitauliza mtu njia. Ukiuliza njia Kosele, nawe unaulizwa umeoa wapi. Nikakata kipande cha mtungi wa plastiki, nikafunga simu kwa mpira wa tyubu. Tuta la kwanza, simu ikaruka ikatua kwa mtaro. Kioo kimepasuka pembeni tu. Mokua alisema ramani ni ya wageni, yeye huuliza akina mama wa ndizi. Mshamba.

Alhamisi, 13 Machi
Nimezungusha tyubu mara sita. Imekalia kitufe cha sauti, na sauti imekwama juu kabisa. Si kitu, nitasikia vizuri. Caren aliuliza kesho naenda wapi. Nikasema Rongo. Si uongo, Rongo nitapita. Jioni nimeosha pikipiki mpaka madigadi ya nyuma, kile kikinga tope cha gurudumu, mahali nilipoandikisha kwa rangi nyekundu mwaka jana: CAREN NYAR KOSELE. Mke akiwa binti wa Kosele, aandikwe. Inang'aa.

Ijumaa, 14 Machi
Rongo, Oyugis, Kosele. Sikuuliza mtu hata mmoja. Saa kumi na moja na nusu nikaingia kwenye boma. Mama mmoja alikuwa akianua mahindi. Simu ikapiga kelele kwamba nimefika, kuku wakatawanyika. Mlango ulikuwa wazi. Ukutani, picha ya Caren akiwa na yunifomu ya shule.

Mama Zilpah ndiye mama mkwe. Caren humwita mama tu, na mimi sikuwahi kuuliza jina. Mkwe asiyejitambulisha hakanyagi boma la mama mkwe, na mimi niko katikati ya boma. Lakini nikitoroka na majoho, kazi ni ya Mokua. Nikabaki juu ya pikipiki, helmeti kichwani, kioo chake nimekishusha usoni. Nikamnyooshea mfuko. Simu ikatangaza tena kwamba nimefika. Alihesabu majoho yote taratibu, akatia sahihi, akanitakia safari njema. Nikageuza pikipiki, nikashukuru Mungu. Nikiwa langoni nikamsikia nyuma yangu akisema nimsalimie Caren, na kwamba baba yake anauliza ni lini. Alijuaje?

Jumapili, 16 Machi
Kazi nimepata. Mama Zilpah alimpigia Madam Benta akanisifu, akasema nguo za kwaya yake zitapelekwa kila mwezi, na nizipeleke mimi, si mwingine. Caren alikuwa ameshapigiwa simu kabla sijafika nyumbani. Hakugomba. Alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya pikipiki, akanionyesha madigadi. Kisha akalia. Akasema miaka miwili hajaingia kwao mchana, huenda kumwona mama yake kama mwizi, na anachotaka ni mimi niende kama watu.

Maneno yake yameniingia. Kosa liko kwenye madigadi. Kesho asubuhi fundi wa rangi atayafuta maandishi yote aandike VALARY NYAR KISII. Mwezi ujao hakuna mtu Kosele atakayenijua. Na Valary yeyote simjui, kwa hivyo Caren hana la kulalamika.