Kulipa Nyumba kwa Kuzima Taa

Jumatatu, 3 Machi

Wifi kamaliza mkopo wa nyumba yake. Kabla ya muda! Miaka mitatu kabla!

Alikuja jana na kitu kimefungwa gazetini. Nikadhani keki. Kumbe ni barua ya benki, kaitia kwenye fremu ya kioo, akaiegemeza kwenye bakuli letu la sukari ili tuisome tukinywa chai. Tukaisoma. Sukari hatukuifikia tena.

Kisha akatuuliza sisi tumebakiza miaka mingapi. Mume wangu, ambaye ni kaka yake, akajibu kumi na mitatu, mkate umemjaa mashavuni, kama mtu aliyeulizwa ana viti vingapi.

Kumi na mitatu! Na miaka sita ijayo anastaafu. Siku nzima nimeshinda cherehanini nikishona sare za wauguzi huku nikipiga mahesabu. Miaka saba ya mwisho tutalipa kwa pesa gani? Yeye anasaga lenzi za miwani ya watu tangu ujana, macho yenyewe sasa yanamtoka machozi kila jioni. Nataka siku akiacha kazi akae kwenye nyumba yake, si ya benki.

Nilimuuliza wifi siri yake. Akasema, kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa, kwamba ni vitu vidogo vidogo. Mabomba. Taa. Makombo.

Basi. Nimefunga kibwebwe. Vidogo vidogo navijua mimi kuliko yeye. Kopo la maziwa nimelisafisha, nimelitoboa tundu, nimeliweka juu ya kabati. Kila nitakachookoa kitaingia humo.

Jumanne, 4 Machi

Nimeng'oa balbu tisa kati ya kumi na moja. Zimebaki ya jikoni na ya bafuni. Pia nimesitisha malipo ya intaneti.

Tangazo nililitoa wakati wa chakula. Mapokezi ya baridi. Mama mkwe, anayekaa nasi chumba cha mbele tangu goti limsumbue, alisema ameishi gizani utoto wake wote bila kulipa hata senti, hana hamu ya kurudi huko kwenye nyumba ya mkopo. Binti yetu wa miaka kumi na sita, tunayemwita Profesa kwa sababu hakuna sentensi ya mtu asiyoisahihisha, aliuliza atasomaje. Nikamjibu mwanga wa jua ni bure. Akasema jua limekwisha kuzama. Nikamwambia basi asome kesho.

Mume wangu hakusema kitu. Alikuja kusema baadaye, alipokutana na kigoda ukumbini. Neno lile sijapata kulisikia kinywani mwake kwa miaka ishirini ya ndoa.

Jumatano, 5 Machi

Balaa! Na wala kosa si langu.

Profesa alirudi shuleni, akakuta intaneti haipo, akaniachia kikaratasi mezani: "Mama, wifi hakuna tena. Nimekwenda kwa shangazi." Maana yake anakwenda kutumia intaneti ya huko. Mama mkwe akakiona kwanza. Wifi yangu mimi ni nani? Ni binti yake wa kuzaa! Hakuna tena! Na mtoto kakimbilia huko!

Niliporudi kazini niliikuta nyumba imejaa majirani. Wawili wamekwisha kukunjua mkeka wangu na kutoa viti nje. Mama mkwe amejifunga khanga kichwani, analia kwa kutaja sifa za marehemu, nyingine ngeni kabisa kwangu. Ilibidi nimpigie marehemu simu. Akapokea. Mama mkwe akaongea naye dakika arobaini kwa salio langu, na majirani wakanywa chai, maana hawakuwa tayari kuondoka mikono mitupu.

Wifi kafurahi mno kusikia alivyoliliwa. Ameniomba nimkumbushe zile sifa.

Kopo: halikuingia kitu leo. Lilitoa sukari ya majirani.

Jumamosi, 8 Machi

Kinyozi! Mara mbili kwa mwezi mume wangu anampelekea kinyozi pesa, wakati nyumbani kuna mkasi wa chuma unaokata kitambaa tabaka nane bila kusita. Kichwa na kola kuna tofauti gani?

Nilimkalisha ua wa nyuma, shuka shingoni. Alitaka kujua kama nimewahi kunyoa mtu. Nikamwambia atulie. Upande wa kushoto ulitoka vizuri sana. Wa kulia ukawa juu kidogo. Nikashusha wa kushoto. Ukapitiliza. Nikapandisha wa kulia. Mama mkwe aliyekuwa dirishani akashauri nitumie rula. Nikaitumia, haikusaidia, kichwa hakina ncha.

Ikafika mahali hapakuwa na cha kusawazisha. Mume wangu akajipapasa, akavaa kofia, akatoka.

Kinyozi alimuuliza ana ugomvi na nani. Kisha akamtoza mara mbili. Alisema kunyoa ni bei moja na kutengeneza ni bei nyingine.

Amerudi hana hata unywele. Nimemwambia kwa moyo safi kwamba upara unampendeza, na kwamba sasa hatahitaji kunyolewa kwa miezi miwili, kwa hiyo ukitazama vizuri tumepata faida. Hakutazama vizuri.

Jumanne, 11 Machi

Maji. Dakika tatu kwa kila anayeoga, kisha nafunga koki kuu ya nje. Nasimama na saa.

Profesa, dakika tatu kasoro. Mume wangu, kwa upara wake, dakika mbili. (Faida niliyoisema!) Mama mkwe aliingia na kiti, akafunga mlango kwa kitasa, akaanza kuimba. Dakika ya tatu nikafunga koki. Akaendelea kuimba. Kumbe alikuwa amejaza ndoo nne tangu asubuhi, akiwa na zake kichwani. Alioga nusu saa.

Nampenda lakini ni adui wa maendeleo.

Kopo linaanza kuwa zito. Nikilitikisa linaitika.

Ijumaa, 14 Machi

Ushindi mkubwa uko njiani. Mwenzangu wa cherehani ya pili amenifundisha kupika bila gesi. Unachemsha maharage robo saa tu, unakitia chungu ndani ya kapu, unalifunika kwa blanketi tatu, unakwenda zako. Joto linabaki humo, maharage yanajiivisha yenyewe. Gesi ya mwezi itafika miezi mitatu!

Nimemwalika wifi chakula cha mchana keshokutwa. Aje aone vidogo vidogo.

Jumapili, 16 Machi

Nina dakika chache, nitaandika kwa mkato.

Kapu nililifungua mbele ya wifi, kwa madaha. Mvuke ukatoka. Harufu nzuri. Nikapakua. Nikaeleza mambo ya gesi. Wifi akaonja, akaweka kijiko chini taratibu, akanitazama. Mume wangu akawa anatafuna upande mmoja, kisha mwingine, kama mtu anayetafuta njia. Profesa akasema maharage haya kisayansi bado ni mbegu.

Nikawaambia wasidekeze meno.

Mama mkwe, kwa kunitetea, Mungu ambariki, alisema yeye haoni tatizo. Akatia kijiko kizima kinywani, akauma.

Kah!

Tulidhani kiti. Ni meno yake ya bandia, ya juu, yamekatika katikati. Akayatoa, akayaweka kwenye sahani, nusu huku na nusu kule, akasema jambo ambalo bila meno halikuwa na herufi zote. Tulilielewa wote.

Jumatatu, 17 Machi

Kwa daktari wa meno. Mimi, mama mkwe, na wifi aliyejileta mwenyewe.

Daktari akasema hayaungiki, yanatengenezwa mapya. Akataja bei. Nilikuwa nimebeba kopo kwenye mfuko wa plastiki, na hata lingejaa mara nne lisingefika. Nikaanza kulifungua hivyo hivyo. Wifi akanishika kiwiko. Akafungua pochi, akalipa zote. Akasema ni mama yake, halafu kopo langu nilirudishe mfukoni, watu wanatazama.

Nikatamani ardhi ipasuke. Afadhali angenisema!

Wakati mama mkwe anapimwa, tulikaa benchi la nje wawili tu. Nikamwambia, kwa uchungu, kwamba ningekuwa na akili zake nami ningekuwa na barua ukutani. Akacheka kidogo, si kile kicheko chake cha siku zote. Akasema, "Wifi yangu, vitu vidogo vidogo niliwadanganya. Vyumba vyangu viwili nilipangisha, mimi nikalala sebuleni miaka minne. Kila mpangaji akienda chooni ananipita kichwani." Kisha akasema barua aliileta kwetu kwa sababu alipoipokea alijikuta yuko peke yake nyumbani, na hakuwa na mtu wa kumwonyesha.

Nikamshika mkono. Tukakaa hivyo.

Halafu nikakumbuka kwamba yeye nyumba ni yake na mimi bado, nikauachia. Lakini si kwa haraka.

Jumatano, 19 Machi

Nimerudi kazini nimekuta mume wangu juu ya ngazi, anarudisha balbu. Moja baada ya nyingine, upara unang'aa. Sikuthubutu kumzuia. Profesa alikuwa anamshikia ngazi, na huyo naye, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakuwa na la kusahihisha.

Alipomaliza akaniita jikoni, akafunga mlango. Akaniuliza hasa naogopa nini. Nikamwambia yote: miaka sita, miaka saba, macho yake, bahasha za benki zikija na yeye hana mshahara. Nilidhani hajui.

Anajua! Tangu mwaka jana amekuwa akizungumza na mwenye duka la miwani abaki kwa siku mbili kila wiki baada ya kustaafu, kufundisha mafundi wapya, bila kusaga lenzi mwenyewe. Hakuniambia kwa sababu hakutaka kunipa tumaini kabla halijaiva. Juzi amekubaliwa. Akanitolea karatasi. Kwa hizo siku mbili na kiinua mgongo, rejesho linalipika hadi mwisho, tukila maharage yaliyoiva.

Nikalia. Yeye akanipangusa kwa kitambaa cha kufutia miwani.

Kisha akaniomba jambo moja tu. Niache kubana. Mama yake aoge. Mtoto asome. Yeye mwenyewe aende kwa kinyozi nywele zikirudi. Nikaapa. Niliweka mkono juu ya upara wake na kuapa, nikawa namaanisha kila neno.

Nyumba nzima inawaka. Kusema kweli, inapendeza.

Ijumaa, 21 Machi

Kopo nililibeba hadi benki. Si kuvunja kiapo: pesa zenyewe zimekwisha kubanwa, nizifanyeje, nizibanue?

Afisa mikopo ni binti mdogo, mpole, ana subira ya kumhesabia mtu sarafu. Akanieleza kwamba kupunguza mkopo kabla ya muda kunaruhusiwa, ila kuna ada ya kurekebisha mkataba. Akatoa ada. Kilichobaki kikawa kidogo mno, kikalala mezani kama makombo. Akakiingiza kwenye kompyuta yake. Akasubiri. Akanigeuzia kioo nione.

Mkopo wetu utakwisha siku nne mapema.

Siku nne! Alinitazama kwa huruma, akadhani nitalia. Nilisimama nikampa mkono! Tulikuwa tumalize Jumamosi, sasa tunamaliza Jumanne. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi ya wiki ile, miaka kumi na mitatu kutoka leo, nitaamka kwenye nyumba yangu halali. Nilimwomba anichapie. Akanichapia. Fremu nimenunua njiani.

Nilipitia kwa wifi kumwonyesha. Alisoma mara mbili. Akanikumbatia, akasema iko ukutani kwake nafasi karibu na yake. Nikamwambia hapana, hii inakaa kwetu, juu ya bakuli la sukari.

Jumamosi, 22 Machi

Kuna jambo sikuliandika jana kwa sababu ya furaha. Kabla sijaondoka benki yule binti aliniuliza kama nina wazo lolote la biashara ndogo, maana wana mkopo wa kina mama, riba nafuu, fomu kurasa mbili tu. Wazo! Mimi! Nikakumbuka mwenzangu wa cherehani alivyosema uyoga unauzwa bei ya nyama, na unaota wenyewe kwenye mifuko, mradi pawe na giza na unyevu.

Nilitia saini.

Mifuko sitini imeletwa leo asubuhi, mume wangu akiwa dukani. Mingine nimeipanga chini ya vitanda, mingine kabatini na bafuni, na mbegu zimekwisha kutiwa. Wiki sita tu. Nimepiga mahesabu pambizoni mwa kalenda, na kwa bei ya nyama nyumba hii tutakuwa tumeimaliza kwa miaka mitano. Mitano! Sitafuti ubishi na wifi, lakini mitano.

Kiapo sijakivunja. Niliapa kuacha kubana. Kuzalisha ni jambo jingine kabisa, na mume wangu ataliona hivyo uyoga ukichipua. Kwa sasa hana haja ya kujua.

Profesa amechungulia chini ya kitanda chake, akauliza sasa tuna mikopo mingapi. Nikamwambia miwili, ila huu wa pili ni mdogo, miaka miwili tu, asimtie hofu baba yake. Akauliza wa pili nao tutaulipa kwa pesa gani, ikiwa pesa zote za uyoga zinakwenda kwenye wa kwanza.

Swali zuri. Nimelifikiria mchana kutwa na nimepata jibu.

Nyuki. Nimekwisha kuulizia bei ya mizinga.