Kibali cha Kumpita Mwenzako

"Kuanzia leo, hakuna mwendesha pikipiki wa mashindano atakayempita mwenzake bila kibali!" Mkurugenzi wa Mamlaka ya Mwendo alitangaza, na ukumbi mzima ukapiga makofi, kwa kuwa ratiba ilisema makofi yangefuata.

Sababu ilikuwa wazi kwa kila mwenye busara. Msimu uliopita binti mmoja, jina lake la mtaani Cheche, aliwapita wanaume kumi na wanne katika mzunguko mmoja bila kumwarifu hata mmoja kwa maandishi. Watu wazima walijikuta nyuma bila maandalizi yoyote ya kisaikolojia.

Fomu ilikuwa nyepesi: kurasa tisa, nakala tatu, ikitaja kila atakayepitwa, mahali na sababu. Wanaume hawakuijaza. Mwanamume haombi ruhusa, walisema. Ya Cheche ililetwa na shangazi yake, fundi wa pikipiki, mikono imejaa oili.

"Mheshimiwa, timu ya ng'ambo inamchukua mshindi wa Jumamosi. Mmoja tu. Mwanangu akikosa, ndiyo basi tena, anarudi kufungua nati gereji kwangu."

"Haki itatendeka, mama," alisema Mkurugenzi, simu sikioni, akisaini na kugonga mihuri. Kusoma kabla ya kusaini alikuona ni kumtilia shaka mwananchi.

Jumamosi gari lake, kwa heshima ya mgeni rasmi, liliongoza mzunguko wa kwanza. Lilipaswa kutoka hapo. Lakini umati ulipunga mikono vizuri mno.

"Mzee, tutoke?" dereva aliuliza.

"Twende wapi? Kaza mwendo. Fika arobaini."

Nyuma yao pikipiki ishirini zilifuatana kwa nidhamu ambayo nusura imtoe Mkurugenzi machozi. Cheche, aliyepangwa wa mwisho, alikuwa akiwapita mmoja mmoja. Mzunguko wa tatu akapita dirishani vuuu, kofia ya Mkurugenzi ikaruka.

Mkurugenzi akanyakua redio. "Mkamateni! Amenipita!"

"Ana kibali, mheshimiwa," msimamizi wa mbio alijibu. "Ukurasa wa saba. Gari la mgeni rasmi, kona ya pili. Sababu: haliendi. Umesaini mwenyewe."

"Dereva, mpite!"

"Hatuna kibali, mzee."

Cheche alimaliza wa kwanza, shangazi akaruka juu kama ana miaka saba. Gari la Mkurugenzi likawa la pili. Na kanuni, aliyoitunga yeye mwenyewe, ilisema washindi wawili wa kwanza hawaondoki uwanjani kabla ya kupimwa mkojo.

Cheche alitumia dakika mbili. Mkurugenzi, saa tatu baadaye, bado alikuwa amekaa na kikopo kitupu, daktari akimkodolea macho kwa mujibu wa kifungu cha nne.

Shangazi akachungulia mlangoni na chupa ya maji.

"Kunywa, mheshimiwa, usione haya. Mwanangu ameshasaini, anapanda ndege kesho. Na hao kumi na tisa wanauliza: watasubiri nyuma ya gari lako mpaka lini?"