Kitenzi Kilichovuka Mpaka Bila Cheti

Wananchi wote wa Tunduma wanakumbushwa kwamba tangu Jumatatu ya wiki iliyopita, hakuna kitenzi kinachovuka mpaka bila cheti cha asili. Hatua hii imechelewa mno.

Hatari yenyewe aliigundua mwenyekiti wetu, Bwana Osward, akiwa kwenye semina Uturuki. Huko aliambiwa kwamba kitenzi chao cha "kuja" kinafanana na cha ndugu zao hadi Asia ya Kati, na hakuna ofisa hata mmoja aliyekikagua njiani. Alirudi hana raha. Mimi, katibu wa Kamati ya Asili ya Vitenzi, nikaandaa fomu.

Wa kwanza kuzuiwa alikuwa Tabita wa Iyula, na magunia mawili ya mbegu za maharage. Kwenye sababu ya safari aliandika: nampelekea shangazi akalime.

"Hili 'lima' mmelitoa wapi?" mwenyekiti akauliza. "Wanyiha wanalo, Wanamwanga wanalo, hata Wabemba wa ng'ambo wanalo. Nani kampa nani?"

"Tumelikuta, mzee. Mababu walikuja nalo pamoja na jembe, mpaka wenyewe haujachorwa."

"Kwa hiyo huna kielelezo."

"Mzee, mvua imeshaanza Nakonde, ng'ambo kwa shangazi. Shangazi ni mjane na mbegu nyingine hana. Mkinikalisha hapa, mwaka huu watoto wake watalala njaa."

Niliingiwa na huruma kwelikweli, nikamwandikia siku arobaini za uchunguzi badala ya tisini.

Tabita akaisoma fomu polepole, mpaka nyuma. "Kipengele cha saba kinasema asiye na cheti athibitishe kitenzi kwa kukitenda mbele ya kamati."

Kipengele hicho nilikiandika mimi, kujaza ukurasa. Akaazima jembe la mtunza bustani, akapiga tuta zima mbele ya ofisi. Tukagonga muhuri.

"Na lile lori la mbolea ya ruzuku nyuma yangu, linalokwenda ng'ambo?" akauliza. "Fomu yake ina jina lako, mzee. Kazi: mkulima."

Kanuni ni kanuni. Nikamkabidhi mwenyekiti jembe. Alilishika kama kipaza sauti.

"Pole na kazi, mzee," Tabita akamwambia akipita getini na magunia yake. "Anzia pale tuta langu lilipoishia."

Leo ni siku ya tisa, na lori bado limesimama. Mimi nilikuwa nimeomba likizo, nikajaza sababu: kuchoka kwa kufanya kazi. Nimeiwahi fomu mezani kabla kamati haijaisoma, nikaichana.